Bunge la Sudan Kusini: Wabunge 550, wapiga kura wako wapi?

Mkazi wa Hai Jalaba, mmoja wa mitaa ya mji wa Juba, aliyezaliwa mwaka 1994 hajawahi kumchagua mbunge. Uchaguzi wa mwisho wa wabunge katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini ulifanyika Aprili 2010, naye alikuwa na umri wa miaka isiyozidi 16. Kura ya maoni iliyoamua uhuru wa nchi ilipigwa Januari 2011, akiwa bado hajatimiza miaka 18 ya kupiga kura.

Tangu wakati huo nchi yake imepata uhuru, imeingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na imetia saini mikataba miwili mikubwa ya amani. Bunge nalo limekua kutoka wajumbe 170 hadi wajumbe 550. Sanduku la kura, hata hivyo, halijarudi katika mtaa wake.

Katika kipindi hichohicho Bunge hilo limepitisha sheria zinazomgusa kila siku: sheria za kodi na bajeti, sheria ya uchaguzi, na sheria inayoeleza ni nani anaweza kumkamata na kwa utaratibu gani. Ndiyo maana mjadala kuhusu mageuzi ya Bunge nchini Sudan Kusini umevuka hoja ya idadi ya viti na gharama zake. Kiini chake ni kwamba mbunge anayeingia bungeni kwa jina lililoandikwa na chama hutunga sheria akimtazama aliyeliandika jina hilo.

Makala haya yanaeleza jinsi Bunge hilo lilivyofikia ukubwa wake wa sasa, namna sheria inavyopitishwa kwa mujibu wa katiba na namna inavyopitishwa kwa vitendo, na nini kinatarajiwa kubadilika uchaguzi uliopangwa kufanyika Desemba 2026 utakapofanyika.

Swali lililoanza Juba mwaka 1947

Katika Kiarabu, "hai" ni mtaa, na "jalaba" ni jina walilopewa wafanyabiashara waliokuja kusini kutoka kaskazini mwa Sudan. Jina la Hai Jalaba linakumbusha kwamba kwa miongo mingi mambo makubwa ya Juba yaliamuliwa mbali na Juba.

Juni 1947, watawala wa Kiingereza waliitisha mkutano mjini Juba chini ya uenyekiti wa Katibu Mkuu wa Serikali, James Robertson. Hoja kuu ilikuwa kama watu wa kusini waingie katika Baraza la Kutunga Sheria lililokusudiwa kuundwa Khartoum, au wawe na chombo chao wenyewe. Uamuzi uliofuata ulikuwa kuwaingiza. Baraza hilo lilipofunguliwa Desemba 1948, kusini ilikuwa na wajumbe 13. Tayari wakati huo swali lilikuwa ni nani amewatuma wajumbe hao, na sauti yao ina uzito gani mbele ya wajumbe wengi wa kaskazini.

Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972, kusini ilipata Bunge lake la Mkoa mjini Juba. Bunge hilo lilikwisha mwaka 1983, Rais Jaafar Nimeiry alipoigawa kusini katika mikoa mitatu. Mwaka huohuo vita vya pili vilianza, na vilidumu hadi Mkataba wa Amani wa mwaka 2005.

Historia hiyo inaeleza kwa nini muundo wa Bunge ni jambo zito mjini Juba. Mara zaidi ya moja chombo cha kutunga sheria kimeundwa kwa makubaliano ya wakubwa, kisha kikavunjwa au kupanuliwa kwa amri yao.

Kutoka 170 hadi 550

Mkataba wa 2005 uliunda Bunge la Sudan Kusini lenye wajumbe 170. Kwanza viti viligawanywa kwa makubaliano: asilimia 70 kwa chama cha SPLM, asilimia 15 kwa chama kilichokuwa kikitawala Khartoum, NCP, na asilimia 15 kwa vyama vingine vya kusini. Aprili 2010 wananchi walipiga kura. Viti 102 vilikuwa vya majimbo ya uchaguzi, 43 vya orodha ya wanawake na 25 vya orodha za vyama.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, Katiba ya Mpito iliunda Bunge lenye sehemu mbili: Bunge la Kitaifa na Baraza la Majimbo. Wajumbe 170 waliochaguliwa walibaki. Waliongezwa wabunge 96 wa kusini waliokuwa katika Bunge la Khartoum, pamoja na wajumbe 66 walioteuliwa na rais. Jumla ikawa 332.

Desemba 2013 vita vilizuka kati ya wanajeshi watiifu kwa Rais Salva Kiir na wale wa aliyekuwa makamu wake, Riek Machar. Mkataba wa amani wa Agosti 2015 uliongeza viti 68: 50 kwa upinzani wenye silaha wa Machar, kimoja kwa waliokuwa wafungwa wa kisiasa, na 17 kwa vyama vingine. Bunge likawa la wajumbe 400.

Mkataba huo ulivunjika Julai 2016 mapigano yaliporudi Juba. Mkataba mpya ulitiwa saini Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018, na safari hii Bunge lilipanuliwa hadi wajumbe 550. Viti 332 vilipewa upande wa serikali iliyokuwapo, 128 SPLM-IO ya Machar, 50 Muungano wa Upinzani wa Sudan Kusini (SSOA), 30 vyama vingine vya siasa na 10 waliokuwa wafungwa wa kisiasa.

Utekelezaji ulichukua muda. Rais Kiir alilivunja Bunge la zamani Mei 2021, na wabunge wapya waliapishwa tarehe 2 Agosti mwaka huo. Jemma Nunu Kumba alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha Spika katika Bunge la taifa hilo.

Katika hatua zote hizo, ni ile ya Aprili 2010 pekee iliyopitia kwa mpiga kura. Nyongeza zote zilizofuata ziliamuliwa mezani.

Je, Bunge kubwa lilikuwa kosa?

Wanaotetea muundo huo wana hoja yenye uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba karibu watu 400,000 walikufa kutokana na vita vilivyoanza 2013, wengine kwa risasi na wengine kwa njaa na maradhi yaliyoletwa na vita. Mbele ya hasara hiyo, kiti bungeni ni njia ya kumfanya kiongozi mwenye silaha aone faida ya kubishana kwa maneno. Viti 550 havikukusudiwa kuwa muundo wa kudumu. Vilikuwa gharama ya kusimamisha vita katika kipindi cha mpito.

Tatizo ni kwamba kipindi hicho kimerefushwa mara kadhaa. Mwaka 2015 uchaguzi uliopangwa uliahirishwa, na Bunge likapitisha marekebisho ya katiba yaliyoongeza muda wa rais na wa wabunge wenyewe hadi 2018. Julai 2018 Bunge liliongeza tena muda huo. Agosti 2022 pande zilizotia saini mkataba zilikubaliana kuongeza miezi 24. Septemba 2024 uchaguzi uliokuwa umepangwa Desemba mwaka huo ulisogezwa hadi Desemba 2026.

Hapo ndipo muundo wa muda unapogeuka kuwa mazoea. Mbunge aliyeteuliwa kwa miaka mitatu anaweza kukaa zaidi ya hiyo bila kurudi kwa mtu yeyote kuomba ridhaa. Uamuzi wa kumwongezea muda nao hupita katika chumba anachoketi yeye mwenyewe.

Gharama nazo zimezua malalamiko. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba kila mmoja wa wabunge 400 wa wakati huo alipatiwa dola 40,000 za Marekani kama mkopo wa gari, jumla ya dola milioni 16, katika nchi ambayo watumishi wa umma wamekuwa wakikaa miezi bila mishahara. Serikali ilieleza kwamba wabunge walihitaji usafiri ili kufanya kazi yao. Kwa mwananchi swali lilibaki: wanasafiri kwenda kwa nani, ikiwa wengi wao hawana jimbo lililowachagua?

Sheria hupitishwa vipi kwa mujibu wa katiba?

Katiba ya Mpito ya 2011 inaeleza njia inayofanana na ya mabunge mengi. Muswada unaweza kuletwa na rais, na baraza la mawaziri, na kamati ya Bunge au na mbunge mmoja mmoja. Husomwa mara ya kwanza kama taarifa, kisha hupelekwa katika kamati inayohusika. Katika kusomwa mara ya pili kamati hutoa ripoti yake na wabunge hujadili misingi ya muswada. Hatua inayofuata ni kupitia vifungu kimoja baada ya kingine, na ya mwisho ni kuupitisha wote.

Muswada unaogusa maslahi ya majimbo hupita pia katika Baraza la Majimbo. Kubadili katiba kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila chombo wakikaa kila kimoja peke yake, na rasimu lazima iwe imewasilishwa angalau mwezi mmoja kabla ya mjadala.

Muswada uliopitishwa hupelekwa kwa rais, naye ana siku 30. Anaweza kuutia saini, au kuurudisha bungeni pamoja na sababu zake. Akiurudisha, Bunge linaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili, nao ukawa sheria hata bila ridhaa yake. Siku 30 zikipita bila saini na bila sababu, muswada huhesabiwa kuwa umetiwa saini. Pia Bunge lisipokuwa katika kikao, rais anaweza kutoa amri ya muda yenye nguvu ya sheria, ambayo lazima ifikishwe mbele ya Bunge likirudi.

Kwenye karatasi, basi, Bunge la Juba si dhaifu. Lina uwezo wa kuanzisha sheria, wa kuikataa, na hata wa kumshinda rais.

Na kwa vitendo?

Mkataba wa 2018 uliongeza hatua nyingine kabla ya muswada kufika bungeni. Sheria nyingi zinazohitajika kutekeleza mkataba huandikwa kwanza na Kamati ya Kitaifa ya Marekebisho ya Katiba, yenye wawakilishi wa pande zilizotia saini na inayoongozwa na Gichira Kibara kutoka Kenya. Rasimu hupelekwa kwa Waziri wa Sheria, kisha kwa baraza la mawaziri, halafu bungeni. Pande zikishindwa kuafikiana njiani, jambo hurudishwa kwa viongozi wakuu.

Utaratibu huo una faida: muswada ukifika bungeni, mahasimu wamekwisha kuusoma na kuubishania. Lakini una gharama yake. Mbunge hupokea maandishi ambayo wakubwa wa chama chake wamekwisha kukubaliana, na kifungu kimoja kikibadilishwa bungeni, chama kilichoathirika huona mkataba umevunjwa. Mjadala wa kweli huhamia nje ya ukumbi. Ndani yake hubaki njia mbili: kuunga mkono, au kutoka nje.

Ndivyo ilivyotokea Septemba 2023 wakati wa kupitisha marekebisho ya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2012. Wabunge wa SPLM-IO walitoka nje ya ukumbi wakipinga kifungu kinachompa rais uwezo wa kuteua nyongeza ya asilimia 5 ya wabunge baada ya uchaguzi. Walisema kifungu hicho hakikuwamo katika makubaliano. Waliobaki waliupitisha muswada, na rais akautia saini mwezi huohuo. Kwa kuwa upande mmoja wa mkataba una viti 332 kati ya 550, kutoka nje kwa upande mwingine hakuzuii sheria kupita. Viti vya upinzani vinatosha kuupa ushiriki lakini havitoshi kuzuia.

Nidhamu hiyo ya vyama ina nguvu kwa sababu nyingine. Mbunge wa mpito huingia kwa pendekezo la chama na amri ya rais, na wapo walioondolewa na kubadilishwa kwa njia hiyohiyo. Mbunge wa jimbo anayepinga kiongozi wake anaweza kuwategemea wapiga kura wake. Mbunge wa orodha ya mkataba hana mahali pa kukimbilia.

Mfano wa sheria ya usalama

Mfano unaomgusa zaidi mkazi wa kawaida ni Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 2014. Katiba inasema kazi ya idara hiyo ielekezwe katika kukusanya habari, kuzichambua na kuzishauri mamlaka husika. Sheria ya 2014 ilikwenda mbali zaidi. Vifungu vyake vya 54 na 55, vinavyohusu ukamataji, viliwapa maofisa uwezo wa kumkamata mtu hata bila hati ya mahakama. Watetezi wa haki za binadamu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba waandishi wa habari, wanaharakati na wapinzani wamezuiliwa kwa kutumia mamlaka hayo.

Mkataba wa 2018 ulitaka sheria hiyo ipitiwe upya. Pande zilibishana kwa muda mrefu kuhusu vifungu hivyo viwili. Februari 2023 ilitangazwa kwamba Rais Kiir na Makamu wa Kwanza wa Rais Machar wamekubaliana viondolewe. Kwa wengi ilionekana kwamba jambo limekwisha, kwa kuwa mara nyingi viongozi hao wawili wakikubaliana, Bunge hufuata.

Safari hii haikuwa hivyo. Muswada uliopitishwa na Bunge tarehe 3 Julai 2024 ulibakiza uwezo wa kukamata bila hati, ukiufunga na masharti ya dharura. Waliounga mkono walisema nchi yenye silaha nyingi mikononi mwa raia haiwezi kuinyang'anya idara ya usalama uwezo huo. Waliopinga walisema neno "dharura" ni mlango mpana ambao kila ofisa anaweza kuupitia.

Macho yaligeukia Ikulu. Mashirika ya haki za binadamu yalimwomba rais aurudishe muswada bungeni. Rais hakuutia saini, wala hakuurudisha. Agosti 2024 siku 30 zilikwisha na muswada ukawa sheria.

Mfululizo huo unaonyesha pengo lilipo. Ahadi ilitolewa na viongozi wawili, Bunge likapitisha kinyume chake, na sheria ikaanza kutumika bila saini ya mtu. Mkazi wa Hai Jalaba anayetaka kujua ni nani wa kumuuliza hapati jibu. Rais hakusaini, viongozi walikuwa wamekubaliana vingine, na mbunge aliyepiga kura hana sababu ya kuja mtaani kujieleza.

Majirani wamejifunza nini?

Nchi za Afrika Mashariki zimepitia maswali yanayofanana na haya, na baadhi yake zimeyatatua mahakamani.

Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha mwezi Agosti 2014 Sheria Dhidi ya Mapenzi ya Jinsia Moja kwa sababu ya utaratibu: Bunge lilikuwa limeipitisha bila akidi, yaani bila idadi ya wabunge inayotakiwa kuwamo ukumbini. Mahakama haikuhitaji kugusa maudhui ya sheria. Hilo liliwakumbusha wabunge kwamba hesabu ya vichwa ni sehemu ya sheria yenyewe.

Kenya nayo ina mabunge mawili tangu katiba ya 2010. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kushirikisha Seneti, ingawa Mahakama ya Rufaa baadaye ilibadili sehemu ya uamuzi huo. Katiba ya Kenya pia inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, na sharti hilo limetumiwa mara nyingi kuzipinga sheria mahakamani. Mahakama zisipotosha, upo mtaa: Juni 2024, siku moja baada ya Muswada wa Fedha kupitishwa na waandamanaji kuvamia majengo ya Bunge, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Kuhusu uteuzi wa wabunge na rais, Sudan Kusini haiko peke yake. Katiba ya Tanzania inamruhusu rais kuteua wabunge wasiozidi 10. Kenya kabla ya 2010 ilikuwa na viti 12 vya uteuzi, na sasa viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na idadi ya wabunge waliochaguliwa. Tofauti iko katika kipimo na masharti. Asilimia 5 katika Bunge la wajumbe 332 ni takriban viti 17, vinavyoweza kuamua kura pale matokeo ya vyama yanapokaribiana.

Sudan Kusini yenyewe imekwisha kuonja nguvu ya kanuni za jumuiya. Ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 ilipata viti 9 katika Bunge la Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya unataka wajumbe hao wachaguliwe na Bunge la nchi. Orodha ya kwanza ilitolewa mwaka 2017 bila kura hiyo, shauri likafunguliwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha, na mahakama ikazuia kwa muda wajumbe hao wasiapishwe. Bunge la Juba likalazimika kuwapigia kura wawakilishi wake.

Uchaguzi utabadili nini?

Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa 2023 inarudisha idadi ya wajumbe wa Bunge la Kitaifa kuwa 332. Nusu yao, yaani 166, watachaguliwa katika majimbo ya uchaguzi. Asilimia 35, karibu viti 116, ni vya orodha ya wanawake, na asilimia 15, karibu viti 50, ni vya orodha za vyama. Juu yake itakuja nyongeza ya rais.

Kwa hesabu hiyo, hata uchaguzi ukifanyika kwa amani, mkazi wa Hai Jalaba atamchagua moja kwa moja mmoja tu kati ya kila wabunge wawili wanaotajwa na sheria. Waliobaki wataingia kwa orodha zinazoandaliwa na vyama. Mfumo wa orodha una manufaa yake, hasa kwa wanawake, ambao kampeni za majimbo zimewatenga katika nchi nyingi. Lakini uzuri wake unategemea namna chama kinavyopanga majina: kwa kura ya wanachama, au kwa kalamu ya kiongozi. Mageuzi ya Bunge kwa hiyo yanaanzia ndani ya vyama.

Yapo pia masharti ambayo bado yanabishaniwa. Mkataba wa 2018 ulitaka sensa ya watu na katiba ya kudumu vikamilike kabla ya uchaguzi. Sheria ya kusimamia uandishi wa katiba ilipatikana mwaka 2022, lakini kazi yenyewe imekwenda polepole. Bila sensa, mipaka ya majimbo ya uchaguzi huchorwa kwa takwimu za zamani, huku mamilioni ya watu wakiwa wamehama makwao kwa sababu ya vita na mafuriko. Mtaa wa Juba uliopokea wakimbizi wa ndani unaweza kuhesabiwa kama ulivyokuwa kabla ya wao kufika.

Hali ya kisiasa nayo imekuwa ngumu zaidi. Machar aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani Machi 2025. Septemba mwaka huo alisimamishwa kazi na kufikishwa mahakamani kwa mashtaka yakiwamo uhaini na mauaji, ambayo upande wake unayakanusha. Mkataba uliozaa Bunge la wajumbe 550 ulijengwa juu ya mizani ya watu wawili. Mmoja akiwa kizuizini, wabunge wa upande wake wanabaki na viti huku uzito wa viti hivyo ukipungua.

Mambo ya kutazama

Kwa wanaofuatilia mageuzi haya, mambo manne yatasaidia kupima kama kuna kinachobadilika.

La kwanza ni hatima ya kifungu cha asilimia 5: kitabaki, kitafutwa, au kitawekewa masharti kama ilivyo kwa majirani. La pili ni katiba ya kudumu, na kama itaeleza wazi ni nani anaweza kumwondoa mbunge na kwa utaratibu gani. Mbunge anayeweza kuondolewa kwa amri hubaki mjumbe wa mtoa amri, hata kama alichaguliwa.

La tatu ni njia ya muswada. Kanuni ya siku 30 iliwekwa ili rais asikalie sheria. Mwaka 2024 ilitoa matokeo mengine, sheria iliyozaliwa katika ukimya. Katiba mpya inaweza kubakiza muda huo na wakati huohuo kumlazimisha rais aseme neno hadharani, ndiyo au hapana. Inaweza pia kutaka wananchi wasikilizwe na kamati kabla ya kura, na orodha ya kura za wabunge itangazwe, ili kila mtu ajue mbunge wake alisimama wapi.

La nne ni uchaguzi wenyewe na tarehe yake. Kila uchaguzi unapoahirishwa, kizazi kingine cha vijana wa Juba hutimiza miaka 18 na kujiunga na wale ambao hawajawahi kumchagua mbunge. Vifungu vya 54 na 55 vinawahusu vijana hao kabla ya mtu mwingine yeyote, na uchaguzi ukiahirishwa tena, watakaoamua kama vifungu hivyo vibaki au viondolewe ni wabunge ambao hawakuwatuma.